Galileo Galilei na Njia ya Jiwe Lililorushwa

Likitajwa jina la Galileo Galilei, wengi wetu hukumbuka mambo mawili: darubini yake na kesi yake. Katika mabishano ya vijiweni, na hata katika vikundi vyetu vya vijana parokiani, jina hilo hutumika kama fimbo. Anayetaka kuonyesha kwamba imani na sayansi havipikiki chungu kimoja humtaja Galileo, na mjadala huishia hapo. Sisi tunaosoma falsafa tukijiandaa kwa upadre hatuwezi kuishia hapo. Tutaulizwa habari zake na wanafunzi wa sekondari, na walimu wa fizikia walio waamini wenzetu, na pengine na mtu aliyekwisha kuacha kusali kwa sababu ya habari hizo. Tukimjibu kwa kukwepa au kwa hasira, tutakuwa tumemwongezea kikwazo.

Katika makala hii tutamfuata Galileo kwa njia ambayo si wengi huipita. Tutamfuata kupitia jiwe. Swali lililomshughulisha tangu ujanani hadi upofu wa uzeeni lilikuwa hili: kitu kikirushwa hewani, kinapita njia gani, na kitaanguka umbali gani? Kila mtoto aliyewahi kurusha jiwe ili atungue embe amelijibu swali hilo kwa mkono wake, ingawa hakulijibu kwa akili yake. Galileo alipolijibu aliweka msingi wa fizikia tunayofundishwa shuleni, na papo hapo aliondoa mojawapo ya pingamizi kubwa dhidi ya wazo kwamba dunia inazunguka. Kwa hiyo jiwe lile na kesi ile haviko mbalimbali kama tunavyodhani.

Mtoto wa mwanamuziki

Galileo alizaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mwanamuziki, mpigaji wa luti, ala ya nyuzi inayofanana na udi. Vincenzo hakuridhika na kanuni za muziki zilizorithiwa kwa wazee wa kale; alizipima nyuzi zenyewe kwa kuzivuta na kuzisikiliza, na akaandika pale kanuni zilipopishana na sikio. Mtoto alikulia katika nyumba hiyo, na tabia ya kukiuliza kitu chenyewe kabla ya kukiuliza kitabu hakuitoa mbali.

Alipokuwa kijana mdogo alisomeshwa na watawa wa Vallombrosa, akavutiwa na maisha yao hata akataka kujiunga nao. Baba yake alimtoa huko. Mwaka 1581 alimpeleka Chuo Kikuu cha Pisa asomee udaktari, kazi yenye kipato, kwa maana familia haikuwa na fedha. Lakini kijana alikwisha kuipenda hisabati, na mwaka 1585 aliondoka chuoni bila shahada. Miaka minne baadaye alirudi chuoni hapohapo kama mwalimu wa hisabati, na mwaka 1592 alihamia Padova, katika dola ya Venezia, ambako alikaa miaka 18.

Padova aliishi na mwanamke aitwaye Marina Gamba bila kufunga ndoa, wakapata watoto watatu: Virginia, Livia na Vincenzo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, anayeandika maisha ya mtu hana ruhusa ya kuyapiga pasi. Pili, binti yake wa kwanza atarudi katika habari hii mahali tusipotarajia.

Swali lililokuwapo kabla yake

Sisi tuliokwisha kusoma Fizikia ya Aristotle tunaikumbuka kanuni yake: kila kinachosogea kinasogezwa na kitu kingine. Kanuni hiyo ina uzito, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliitumia vema. Lakini jiwe lililorushwa linaisumbua. Likiwa mkononi, mkono unalisukuma. Likishatoka mkononi, nani analisukuma? Aristotle alijibu kwamba ni hewa: mkono hulisukuma jiwe pamoja na hewa iliyo karibu nalo, kisha hewa hiyo huendelea kulibeba.

Jibu hilo halikumridhisha kila mtu. Katika karne ya 6, Yohane Philoponus, mwanafalsafa Mkristo wa Aleksandria, alilikataa akisema kwamba mrushaji huliachia jiwe lenyewe nguvu fulani. Katika karne ya 14, Yohane Buridan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Paris ambaye naye alikuwa mtu wa Kanisa, aliliendeleza wazo hilo. Na katika karne ya 16 Mdominiko wa Hispania, Domingo de Soto, aliandika kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa kiwango sawa kadiri muda unavyokwenda. Hivyo si kweli kwamba vyuo vya Kanisa vilikuwa vimelala usingizi mpaka Galileo alipokuja kuviamsha. Alikuta swali limekwisha kuchimbwa na wengi, na wengi wao walikuwa wakleri na watawa.

Kulikuwa pia na watu wa mizinga. Niccolò Tartaglia wa Brescia, ambaye utotoni alikatwa taya kwa upanga wa askari wakati mji wake ulipovamiwa mwaka 1512, na ambaye jina lake lina maana ya mwenye kigugumizi, alichapisha mwaka 1537 kitabu juu ya mwendo wa risasi za mizinga. Alidai kwamba mzinga hufikisha risasi mbali kuliko vyote ukiinuliwa nyuzi 45. Tartaglia mwenyewe anasimulia kwamba dhamiri ilimsuta kwa kuwafundisha watu namna bora ya kuuana, akaziharibu karatasi zake. Baadaye hofu ya majeshi ya Waturuki ikamfanya abadili mawazo na kuchapisha. Kuhusu njia ya risasi, aliichora katika vipande vitatu: mstari ulionyooka, kisha sehemu ya duara, kisha mstari wa kuanguka chini wima. Alikuwa amegusa ukweli juu ya pembe, lakini sababu yake hakuweza kuionyesha.

Ubao, maji na wino

Galileo aliligeukia swali hili kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa mtaani angeweza kuvitengeneza. Yeye na rafiki yake mkubwa, mheshimiwa Guidobaldo del Monte, walichovya mpira mdogo kwenye wino na kuurusha kwa ubavu juu ya ubao ulioinamishwa. Mpira ulipanda, ukageuka, ukashuka, na wino ukaacha alama ya njia yake. Alama hiyo haikuwa na vipande vitatu. Ilikuwa mkunjo mmoja, na upande wa kupanda ulifanana na upande wa kushuka.

Kisha alitaka kujua kasi ya kuanguka. Jiwe huanguka upesi mno, na wakati ule hapakuwa na saa ya kupima sekunde. Akaupunguza mwendo kwa kuviringisha mipira kwenye mfereji uliochongwa katika ubao wa mteremko, na muda akaupima kwa maji: aliyaacha yachuruzike kutoka chombo kikubwa kupitia tundu jembamba wakati mpira ukiteremka, kisha akayapima uzito yaliyotoka. Maji yakiwa mengi, muda umekuwa mrefu. Hivyo aligundua kwamba ukiugawa muda katika vipindi sawa, umbali unaopitwa katika kila kipindi hufuata namba witiri: 1, 3, 5, 7. Ukizijumlisha unapata 1, 4, 9, 16. Maana yake, umbali wa kuanguka hukua kwa mraba wa muda.

Mwaka 1608 aliufanya mpira utoke mezani. Aliuteremsha kwenye mteremko, akaugeuza utoke mlalo ukingoni, akapima ulipoanguka sakafuni. Akabadili kimo cha kuanzia, akapima tena. Karatasi zenye vipimo hivyo zimehifadhiwa Firenze mpaka leo, na zinaonyesha mtu aliyekokotoa kwanza umbali aliotarajia, kisha akaandika kando yake umbali alioukuta.

Mwendo mmoja wenye sehemu mbili

Tusipite haraka hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini. Galileo aliona kwamba mwendo wa kitu kilichorushwa ni mwendo miwili iliyoungana, na kwamba kila mmoja huendelea kana kwamba mwenzake hayupo. Kuna mwendo wa mlalo, ambao tukiiacha kando hewa hauongezeki wala haupungui. Na kuna mwendo wa wima, ambao huvutwa chini na kuongezeka kasi kila sekunde.

Tuchukue mfano. Jiwe linarushwa mlalo kutoka kwenye jabali refu kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 limekwenda mbele mita 10 na limeshuka takribani mita 5. Baada ya sekunde 2 limekwenda mbele mita 20 na limeshuka mita 20. Baada ya sekunde 3 limekwenda mbele mita 30 na limeshuka mita 45. Ukiziunganisha nukta hizo kwenye karatasi unapata mkunjo ambao wataalamu wa jiometri wa Ugiriki waliujua kwa karne nyingi kabla ya Kristo, wakauita parabola. Wao waliupata kwa kukata koni sambamba na ubavu wake. Hawakujua kwamba kila jiwe lililotupwa na mchungaji lilikuwa likichora umbo hilohilo hewani.

Kutokana na hayo linafuata jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza. Ukiangusha jiwe moja na kurusha jingine mlalo kwa nguvu zako zote, kutoka kimo kimoja na kwa wakati mmoja, juu ya uwanja wa tambarare yatagusa ardhi pamoja. La pili litakuwa limefika mbali, lakini halikuchelewa. Kwenda mbele hakukulipunguzia kushuka.

Kwa nini nyuzi 45?

Sasa tunaweza kuuliza juu ya masafa, yaani umbali wa mlalo kutoka mahali pa kurushia hadi mahali pa kuangukia. Ukirusha jiwe chinichini, sehemu kubwa ya kasi yake inaelekea mbele, lakini halikai hewani. Linafika ardhini kabla halijaitumia kasi hiyo. Ukilirusha karibu wima, linakaa hewani muda mrefu, lakini limebaki na kasi ndogo ya kwenda mbele. Masafa ni zao la mambo hayo mawili: kasi ya mbele mara muda wa kukaa hewani. Kimoja kikizidi, kingine hupungua. Zao hilo huwa kubwa kuliko yote pale kasi ya kwenda mbele na kasi ya kwenda juu zinapokuwa sawa, na hiyo ndiyo pembe ya nyuzi 45.

Tukichukua kasi ya mita 20 kwa sekunde, kwenye uwanja wa tambarare na bila kuhesabu hewa, nyuzi 45 hutupa masafa ya mita 40 hivi. Nyuzi 30 hutupa kama mita 35. Nyuzi 60 nazo hutupa kama mita 35 zilezile. Nyuzi 15 na nyuzi 75 zote hutupa mita 20: jiwe la kwanza hukaa hewani sekunde 1 tu, la pili karibu sekunde 4, na bado huangukia mahali pamoja. Galileo alithibitisha kanuni hii kwa jumla: pembe mbili zilizo mbali sawasawa na nyuzi 45, moja juu na moja chini, zina masafa sawa. Alitayarisha hata majedwali ya masafa kwa pembe mbalimbali.

Alijua pia mipaka ya kazi yake. Alieleza wazi kwamba hewa huipinga kila risasi, na kwamba kwa kasi kubwa ya silaha za moto upinzani huo huiharibu parabola. Aliyepiga mpira wa miguu siku ya upepo anaelewa.

Kuna jambo hapa ambalo sisi wanafalsafa wachanga tunapaswa kulishika. Wapiga mizinga walikwisha kujua kwa mazoea kwamba nyuzi 45 hufikisha mbali. Galileo alifurahia zaidi kujua kwa nini. Tofauti ya kujua kwamba jambo liko hivi na kujua kwa nini liko hivi tumefundishwa na Aristotle mwenyewe katika mantiki yake. Kwa hiyo mtu anayesemekana kuwa alimpindua Aristotle alikuwa, katika hili, mwanafunzi wake mwaminifu kuliko wengi waliokariri vitabu vyake.

Jiwe linaingia mahakamani

Mwaka 1609 habari za darubini zilimfikia, na kazi ya jiwe ikawekwa kando. Alitengeneza darubini yake, akaona milima ya mwezi, na Januari 1610 akaona miezi minne ikizunguka Jupita. Alipata sifa Ulaya nzima, akahamia Firenze kuwa mwanahisabati na mwanafalsafa wa Mtawala Mkuu wa Toscana. Mwaka 1613 binti zake wawili waliingia monasteri ya San Matteo huko Arcetri, nje kidogo ya Firenze. Virginia alichukua jina la Sista Maria Celeste, na Livia akawa Sista Arcangela. Baba aliwapeleka huko wakiwa wadogo, akijua kwamba kwa kuzaliwa nje ya ndoa wasingepata posa kwa urahisi. Hatuwezi kusema kwamba waliulizwa kwa uhuru tunaoudai leo kwa wito wowote.

Wakati huo Galileo alikwisha kushawishika kwamba Copernicus alisema kweli: dunia hulizunguka jua na kujizungusha yenyewe kila siku. Pingamizi dhidi ya wazo hilo hazikuwa za kipumbavu, na kadhaa zilihusu vitu vilivyorushwa. Dunia ikizunguka kuelekea mashariki, walisema, jiwe lililoachiwa juu ya mnara lingeachwa nyuma na kuangukia magharibi ya mnara. Mzinga ukipiga magharibi ungekuwa na masafa marefu kuliko ukipiga mashariki, kwa kuwa ardhi ingekuwa ikiikimbia risasi upande mmoja na kuifuata upande mwingine. Hatuoni hivyo, basi dunia imetulia. Mnajimu mkubwa wa Denmark, Tycho Brahe, alikuwa miongoni mwa walioitumia hoja ya mizinga.

Jibu la Galileo lilitoka katika kazi yake ya Padova. Jiwe lililo juu ya mnara tayari lina mwendo wa dunia, na likiachiwa halipotezi mwendo huo. Linaushuka mnara huku likiendelea kwenda nao. Ndivyo inavyokuwa melini: jiwe likiachiwa juu ya mlingoti wa meli inayokwenda, huangukia chini ya mlingoti. Mwaka 1640 padre wa Kifaransa, Pierre Gassendi, alilifanya jaribio hilo katika meli ya makasia huko Marseille, na ikawa hivyo.

Lakini kuondoa pingamizi si sawa na kuleta uthibitisho, na wanafunzi wa mantiki tunajua hilo. Kardinali Roberto Bellarmino, ambaye leo ni mtakatifu na mwalimu wa Kanisa, alikuwa ameandika mwaka 1615 kwamba uthibitisho wa kweli ukipatikana, itabidi kufafanua kwa uangalifu yale maneno ya Maandiko yanayoonekana kupingana nao. Yeye binafsi hakuamini kwamba upo. Uthibitisho ambao Galileo aliutegemea zaidi ulikuwa wa kupwa na kujaa kwa bahari, na hoja hiyo haikuwa sahihi. Mwaka 1616 mafundisho ya Copernicus yalizuiwa, na Bellarmino akamwonya Galileo asiyashike wala kuyatetea.

Mwaka 1632 Galileo alichapisha kitabu cha majadiliano juu ya mifumo miwili ya ulimwengu. Kilikuwa na kibali cha kuchapishwa, lakini kila msomaji aliona kinaegemea wapi. Papa Urbano VIII, aliyekuwa rafiki yake, alikuta hoja aliyoipenda imewekwa kinywani mwa mhusika Simplicio, yule anayeshindwa kila siku. Galileo aliitwa Roma. Tarehe 22 Juni 1633, akiwa na miaka 69, alipiga magoti mbele ya waamuzi wa Ofisi Takatifu na kuukana mwendo wa dunia. Alihukumiwa kifungo, kikageuzwa kuwa kukaa chini ya ulinzi nyumbani, na akapewa malipizi ya kusali zaburi saba za toba mara moja kwa wiki kwa miaka mitatu.

Kazi ya mtu aliyenyamazishwa

Askofu Mkuu wa Siena, Ascanio Piccolomini, alimpokea kwanza nyumbani kwake. Alimkuta mzee amevunjika moyo, akamkalisha na wasomi, akamrudisha kwenye maswali yake ya zamani ya mwendo. Kwa wema huo Piccolomini mwenyewe alishtakiwa Roma. Tunalikumbuka jina la Papa na la mahakama. Tulikumbuka pia la askofu huyu aliyejua namna ya kumpokea mtu aliyeaibishwa.

Desemba 1633 Galileo alirudi Arcetri, jirani na monasteri ya binti zake. Sista Maria Celeste alikuwa ameisimamia nyumba yake wakati wa kesi, akimwandikia juu ya divai, madeni, bustani na afya. Barua zake zaidi ya 120 zimebaki. Alipopata habari za hukumu, aliomba azichukue yeye zile zaburi za toba na kuzisali kwa niaba ya baba yake. Mtawa maskini wa Mtakatifu Klara aliona ambavyo angeweza kubeba sehemu ya adhabu, akaibeba. Tarehe 2 Aprili 1634 alifariki kwa ugonjwa, akiwa na miaka 33. Baba yake alimlilia kwa muda mrefu.

Baada ya msiba huo mzee aliandika. Alikusanya karatasi za Padova zilizokaa zaidi ya miaka 20, akazipanga katika kitabu juu ya sayansi mbili mpya: ile ya uimara wa vitu na ile ya mwendo. Sehemu ya nne ya kitabu hicho ndiyo ya jiwe, parabola na masafa. Alikuwa na sababu nyingine ya kutokawia. Mwaka 1632 mwanafunzi wake Bonaventura Cavalieri, mtawa na mwanahisabati, alikwisha kuchapisha kwamba njia ya kitu kilichorushwa ni parabola. Galileo aliumia sana, kwa maana aliona tunda la miaka mingi limechumwa na mwingine. Cavalieri alimwandikia kwa unyenyekevu, akimhakikishia kwamba alidhani jambo hilo limekwisha kujulikana kuwa ni lake, na wakapatana.

Kwa kuwa maandishi ya Galileo yalikatazwa kuchapishwa, nakala ilipelekwa Uholanzi kwa wachapaji wa familia ya Elzevir, na kitabu kikatoka Leiden mwaka 1638. Yeye alikihesabu kuwa bora kuliko vyote alivyotoa awali. Hakuweza kukisoma, kwa kuwa alikwisha kupofuka macho yote mawili. Katika miaka ya mwisho alisaidiwa na kijana Vincenzo Viviani, na miezi michache kabla ya mwisho akaja Evangelista Torricelli. Alifariki tarehe 8 Januari 1642, akiwa na miaka 77. Alitaka kuzikwa pamoja na wazazi wa ukoo wake katika kanisa la Santa Croce, lakini kwa sababu ya hukumu aliwekwa katika chumba kidogo pembeni. Mwaka 1737 mabaki yake yalihamishiwa katika kaburi la heshima ndani ya kanisa.

Ukweli ulivyofuata njia yake

Mjesuiti Giovanni Battista Riccioli, aliyeupinga mfumo wa Copernicus, aliangusha mipira kutoka mnara wa Asinelli huko Bologna akitarajia kumkosoa Galileo juu ya zile namba witiri. Alikuta Galileo amesema kweli, na akachapisha hivyo mwaka 1651. Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba kanuni inayolipinda jiwe kuelekea ardhini ndiyo inayoupinda mwezi kuizunguka dunia.

Kanisa nalo lilipita njia yake, kwa mwendo wa polepole. Kitabu cha 1632 kilitoka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835. Mwaka 1979 Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba kesi ichunguzwe upya, akaunda tume mwaka 1981, na tarehe 31 Oktoba 1992 alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea walipodhani maneno ya Maandiko yanatufundisha muundo wa ulimwengu wa vitu. Alisema pia kwamba katika kusoma Maandiko, Galileo mwamini aliona mbali kuliko wale waliompinga.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tunapoulizwa habari za Galileo tuziseme zote. Tuseme kwamba wahusika wa Kanisa walimkosea, bila kutafuta kichaka cha kujificha. Tuseme pia kwamba alikuwa Mkatoliki hadi mwisho, kwamba hakuwa na uthibitisho kamili wakati ule, kwamba hoja yake ya bahari ilikuwa na kasoro, na kwamba watawa na mapadre walikuwamo kati ya marafiki na wanafunzi wake. Habari nzima hujenga kuliko nusu yake.

Pili, tuwe na subira na ukweli. Riccioli alikuta namba za mpinzani wake ni sahihi, akaziandika. Huo ni uadilifu wa akili, na ni fadhila. Mseminari anayeandika insha ya falsafa na kukuta hoja ya upande mwingine ina nguvu kuliko yake anakabiliwa na jaribu lilelile alilokabiliana nalo Riccioli chini ya mnara.

Tatu, tufundishe fizikia bila woga katika shule zetu za seminari na za parokia. Chukueni mpira, ubao na kikombe cha maji, mjaribu. Mtoto atakayeona kwa macho yake kwamba nyuzi 30 na nyuzi 60 hufika mahali pamoja atakuwa ameona mpangilio ambao si yeye wala mwalimu wake aliyeuweka. Hatuna haja ya kumwongezea mahubiri hapo hapo. Atauliza mwenyewe mpangilio huo umetoka wapi, na siku atakapouliza, tuwe tumejiandaa kumjibu.